Timu ya Sinia Moja

Kazi yangu ya kwanza ya kutengeneza programu ilikuwa Kibaha, kwenye chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Picha ya Ndege. Tulikuwa wanne. Mkubwa wetu, dada wa Kisarawe, hakutaka kusikia habari ya kila mtu na sahani yake. Mchana wali na kisamvu cha kwao viliwekwa kwenye sinia moja, tukanawa, tukakaa mkekani. Hapo ndipo kazi yote ilipojulikana. Mimi naweza kuwaza sentensi moja siku nzima kabla ya kuisema, lakini pale mkono ukiganda kwenye wali, wote wanauona.

"Mdogo wangu, hilo tonge unalipiga pasi?" aliniuliza siku moja.

Nikasema kuna sehemu siielewi. Wakanielekeza, na kabla sinia halijaisha nikawa nimeelewa.

Chumba kile sasa ni saluni. Mimi niko kampuni kubwa ya Dar, kwenye muda wa majaribio, na grupu letu la kazi lina watu wengi ambao sijawahi kuwaona. Wiki iliyopita nilikuwa nabadilisha namna mfumo wetu unavyotuma taarifa za malipo. Mabadiliko yalitakiwa kutoka Ijumaa. Nikagundua kuwa kama timu ya risiti haitabadilisha upande wake, wateja watalipa na risiti hazitakuja.

Niliandika kwenye grupu, nikafuta, nikaongeza "samahani wakuu", nikatuma. Madole gumba yakamiminika. Jibu, hakuna. Nikaanza kuyachambua madole yale: wamekubali, au wananionea huruma? Kuuliza tena ningeonekana msumbufu, na kunyamaza kungeweza kuniondoa kazini.

Alhamisi mchana nikamwona kantini kiongozi wa timu ya risiti, dada mmoja, anakula peke yake. Nikazunguka na sahani yangu kama natafuta chumvi. Mwishowe nikamwamkia.

"Marahaba. Ila umenizeesha," akasema, akanisogezea kiti.

Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

"Ule ujumbe niliuona, kaka. Nikajua unamwambia mtu mwingine."

"Mbona uliweka dole?"

"Nimesoma. Dole maana yake nimesoma."

Akawapungia wenzake wawili waliokuwa meza ya dirishani. Wakaja na sahani zao, meza ikajaa mpaka viwiko vikagusana. Mmoja akauliza taarifa zitabadilika vipi, nikaonyesha kwa kijiko. Wakabishana kidogo, kisha wakakubaliana kwamba upande wao utakuwa tayari kabla ya jioni. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikusema mapema.

Nilikuwa sijala hata kidogo, na wali wangu ulishapoa. Yule dada wa risiti akasukuma bakuli lake la kisamvu katikati ya meza. Nikaweka kijiko pembeni, nikaenda kunawa mikono.