Chupa za Nyanya Zilizofungwa kwa Gunzi

Juzi nilinunua chupa ya pombe kali katika duka la vileo hapa mjini Kisii, ile isiyo na rangi, nikaifunika kwa fungu la sukuma wiki ndani ya kikapu kama mwizi. Sinywi. Mama yangu ana magoti yanayomsumbua kila mvua zikianza, nami nilikuwa nimeamua kumtengenezea dawa ya kupaka: tangawizi, majani ya mkalitusi na pilipili kidogo, vyote nivikatekate na kuviloweka humo mpaka vitoe nguvu yake. Nilipofungua kifuniko jikoni, harufu ikanipanda puani, ikabidi nikae. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kuwasha, rafiki yangu, mguu ambao haukuwa umewasha tangu nilipokuwa msichana mdogo.

Wakati huo nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya mti wa avokado nikavunjika mguu. Hospitalini walinifunga plasta kuanzia juu ya goti mpaka kwenye vidole. Mama alikuwa na mtoto mchanga na kibanda cha kuuza nguo sokoni, hakuwa na jinsi ya kuniuguza, kwa hiyo nikapelekwa kwa nyanya, upande wa Ekerenyo. Nyanya alikuwa mjane aliyeishi peke yake. Aliweka kitanda changu sebuleni, chini ya dirisha lenye vyuma, ili nisikose cha kutazama.

Nilitazama. Asubuhi kulikuwa na ukungu juu ya majani chai, na sauti za wachumaji wakiitana bila kuonekana. Adhuhuri jua lilitoka kidogo. Kisha mvua, kila alasiri mvua, mara nyingine ya mawe, ikipiga mabati hadi usisikie hata kikohozi chako mwenyewe. Watoto wa shule walipita njiani wakinipungia mkono, halafu wakachoka kunipungia. Ndani ya plasta ngozi iliwasha hadi nikalia. Nyanya alinipa spoku ya baiskeli nijikune, lakini haikufika palipokuwa panawasha zaidi. Nilijua kila ufa wa ukuta ule. Nilijua ni mjusi gani angetokea wapi. Mpaka leo siwezi kulala chini ya dirisha lenye vyuma.

Kilichoniokoa ni dawa. Nyanya alikuwa akitengeneza dawa ya kifua iliyojulikana kijijini kote. Alichukua gome la omotembe, ule mti wenye miiba na maua mekundu, akalianika kivulini, akalitwanga. Akaongeza tangawizi na kitunguu saumu. Alivitia ndani ya chupa za kioo, akamiminia chang'aa kali, ile pombe haramu ya kienyeji, mpaka ikafunika kila kitu, akaziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Chupa zilikaa gizani chini ya kitanda changu. Kila asubuhi baada ya maombi alinipa moja moja nizitikise, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliona maji yale meupe yakigeuka rangi ya chai ya rangi, halafu rangi ya udongo wa barabarani. Yakiiva, aliyachuja kwa kitambaa cheupe. Mgonjwa alipewa matone machache tu ndani ya maji ya moto. Nilipomuuliza kwa nini asitumie maji badala ya pombe, alinijibu, "Maji huoza. Hii haiozi."

Sasa uelewe shida ilikuwa wapi. Nyanya alikuwa mtu wa Sabato. Alifundisha darasa la watoto kanisani, na katika kanisa lile pombe haikuguswa hata kwa kidole. Watu waliokuja kuchukua dawa, na wengine walikuwa wazee wa kanisa, hawakuuliza imelowekwa kwenye nini, na yeye hakuwaeleza. Harufu waliinusa. Walishukuru, wakaenda zao.

Chang'aa yenyewe aliipata kwa jirani aliyeishi bondeni karibu na kijito. Huyu jirani alikuwa mwanamke mwembamba mwenye watoto wadogo. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya mbali na hakurudi. Alipika chang'aa akaiuza ili awalishe watoto. Watu wa kanisa walimpita njiani bila kumsalimu. Yeye na nyanya hawakuonekana pamoja hadharani hata siku moja, lakini jioni ukungu ukishuka alikuja mlango wa nyuma na kidumu chini ya leso. Alinyunyiza tone kwenye kijiko, akawasha kiberiti, tukatazama mwali wa moto wa samawati, alama kwamba haijatiwa maji. Nyanya akatikisa kichwa kukubali. Maneno yao yaliishia hapo.

Basi siku moja, kabla ya mvua ya alasiri, nyanya alikuwa mezani akichuja dawa. Chupa zilikuwa wazi. Nyumba nzima ilinuka. Tukasikia mbwa wa bondeni wakibweka wote kwa pamoja, kisha mlango ukasukumwa na jirani akaingia pekupeku, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Wamekuja," alisema. "Mama, wamekuja na askari. Wakinipata mara hii ni jela. Watoto wangu..."

Nyanya hakuuliza kitu. Aliinua blanketi langu lililoning'inia, akamwonyesha chini ya kitanda. Jirani akajipenyeza kati ya chupa. Nilizisikia zikigongana taratibu, halafu kimya. Blanketi likarudishwa. Nyanya alipogeuka kutafuta kitambaa cha kupangusa sakafu, kivuli kilikuwa kimeshaziba mlango.

Walikuwa watatu: askari wawili na naibu wa chifu. Huyo naibu tulimfahamu vizuri. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na nyanya alikuwa akimfundisha mtoto wake kila Sabato. Alivua kofia.

"Omong'ina," alimwita, kama tunavyomwita mama mtu mzima anayestahili heshima, "kuna mwanamke tunamtafuta. Amepita hapa?"

Nyanya alikuwa mtu asiyejua kusema uongo. Simaanishi kwamba aliuchukia tu. Hakuujua, kama mtu asiyejua kuogelea. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Chini yangu godoro lilikuwa likipanda na kushuka kidogo kwa pumzi za mtu mwingine, na nikaanza kupumua kwa nguvu ili pumzi zangu zifunike zake. Nilitaka kukimbia. Mguu ulikuwa jiwe.

Askari mmoja akavuta hewa puani. "Hii harufu ni ya nini, mama?"

Nyanya akamgeukia haraka, karibu kwa furaha.

"Ni chang'aa," alisema. "Ni yangu."

"Yako?"

"Yangu. Hizi chupa zote za mezani ni zangu. Nimeiweka mwenyewe, kwa mikono hii. Sijaulizwa na mtu siku zote, leo umeniuliza. Nipeleke."

Naibu wa chifu alimtazama nyanya, akazitazama chupa, halafu macho yake yakashuka sakafuni. Nami nikashuka nayo. Alama za miguu mitupu, za tope bichi, zilitoka mlangoni moja kwa moja hadi kitandani kwangu. Aliziona. Nilimwona akiziona. Akasogea akasimama juu ya ile ya mwisho kwa viatu vyake vya mpira, akabaki hapo hapo askari wakikusanya chupa za mezani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kitu cha moto na hawezi kukitema.

"Na huyu mtoto?" askari aliuliza.

"Mtoto hatembei," naibu alisema. "Mwacheni. Twendeni kabla ya mvua."

Nyanya alijifunga leso, akanijia, akanishika uso kwa mikono yenye harufu ya kitunguu saumu. "Usiogope," aliniambia. "Hauko peke yako."

Askari walidhani anamzungumzia Mungu. Kisha akatoka, na nikamsikia akibana kufuli kwa nje ili mtu asiingie.

Jirani hakutoka mara moja. Alingoja mpaka mawe ya mvua yalipoanza kupiga mabati, ndipo akatambaa nje, nywele zimejaa vumbi. Alijaribu mlango. Alishika vyuma vya dirisha, akavitikisa, akaacha. Nilikuwa nimejaa hasira hata nikasahau adabu.

"Kwa nini hukutoka?" nilipiga kelele juu ya mvua. "Wamemchukua Nyanya kwa sababu yako!"

Alikaa chini sakafuni. "Nyanya yako watamrudisha," alisema. "Anajulikana. Mimi nani angenirudisha?"

Nilikuwa nataka kukojoa na niliona haya kusema, nikajizuia mpaka nikaanza kulia. Alielewa. Akaleta sufuria kuukuu, akanishika kiunoni kama mama yangu anavyonishika, akatazama pembeni. Baada ya hapo hatukuweza tena kuchukiana.

Mikono yake haikujua kutulia. Alizitoa zile chupa zilizobaki chini ya kitanda, akaendelea kuchuja pale nyanya alipoachia. Aliniambia kwamba matone ya kwanza kabisa yanayotoka mtungini wa kupikia huyamwaga, kwa sababu hupofusha watu, na kwamba kuna wapishi wasiomwaga. Aliniambia hajawahi kuonja. "Harufu yake ninalala nayo, ninaamka nayo," alisema. "Nikifua nguo haitoki. Watoto wangu wakienda shule wenzao wanaziba pua." Mara kwa mara aliinuka akachungulia bondeni. Moshi wa jikoni kwake ulikuwa umezimika. Watoto wake walikuwa kule, hatukuona chochote ila mvua, na mlango ulikuwa na kufuli. Aliweka paji la uso kwenye vyuma akakaa hivyo muda mrefu.

Nyanya alirudi giza likianza kuingia. Alikuja kwa miguu, leso imelowa, viatu mkononi. Alifungua kufuli na wanawake wale wawili wakasimama mlangoni wakitazamana. Nilingoja shukrani, nikangoja lawama.

"Watoto hawajala," nyanya alisema. "Nenda."

Jirani akapita ubavuni mwake akaondoka.

Chifu alikuwa amemwonya nyanya, akamwaga dawa yote waliyoichukua, akamwachilia. Kanisa halikumwachilia. Sabato iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya washiriki kwamba amepatikana na pombe nyumbani, na aliyelisoma ni yule yule naibu wa chifu. Sikuwepo, lakini waliokuwepo walisema sauti yake ilikwama. Nyanya alivuliwa darasa la watoto akaketishwa benchi la nyuma. Angeweza kujieleza. Angesema nani alikuwa ndani ya nyumba, na wengi wangemhurumia. Aliniambia mimi tu, akinisugua mgongo, "Hili ni letu. Yule ana watoto." Watu waliendelea kuja uani na vifua vyao, wakiomba dawa kwa sauti ya chini, hata waliopiga kura aondolewe. Zile chupa chache zilizobaki zilipokwisha, aliwaambia hana. Hakuwahi kutengeneza tena.

Jirani alihama kimya kimya akaenda upande wa Nyansiongo kukamua ng'ombe kwenye shamba la watu. Hakuja kuaga. Nyanya aliwahi kusimama barabarani akitazama upande huo, ndoo kichwani, mpaka nikamwita.

Plasta ilikatwa, mguu ukatoka mwembamba na mweupe kama mhogo uliomenywa. Nikarudi mjini. Sasa ile nyumba haipo. Shamba limegawanywa vipande vipande, kila mjomba na ua wake. Miti ya omotembe yote imeng'olewa kupisha chai na mikalitusi, na kijito kimebaki uzi wa maji. Mtoto wa sasa ukimwambia kuhusu kumsikia mchumaji chai akiimba ndani ya ukungu, anakutazama tu. Siku hizi hata mvua haijui saa yake.

Tulipomzika nyanya, watu walijaa. Walikuwa wamemrudishia darasa lake miaka mingi kabla ya hapo, na watoto aliowafundisha walikuwa sasa na mvi. Mmoja wao alisoma wasifu wake kwa kipaza sauti. Alisoma vizuri: alivyolea, alivyolima, alivyoomba. Kisha akasema kwamba kama binadamu wengine marehemu aliteleza mara moja, akatubu, akasamehewa. Watu wakaitikia amina.

Nilikuwa nimekaa chini ya hema, mstari wa mbele, kati ya mama na shangazi. Mstari wa nyuma yangu walikuwapo watu wazima nisiowajua, waliotoka upande wa Nyansiongo, na mmoja wao alikuwa mwembamba kama yule jirani alivyokuwa, akilia kuliko sisi wa damu. Naibu wa chifu alikuwa ameshazikwa, na jirani mwenyewe sikumwona pale. Hakuna mwingine aliyebaki wa kujua. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili. Ningesimama, ningesema jina la nani, mbele ya watoto wa nani?

Nilibaki nimekaa. Lakini wewe nakwambia: nyanya yangu hakuteleza.