Ngazi Mpya ya Boti ya Baba

Siku baba alipotuambia kwamba boti sasa ni yetu, mimi na dada yangu tulishindwa kula. Alikuwa amekaa barazani, nyumbani kwetu Kibiti, miguu imemvimba, akasema hana tena nguvu za kushindana na mikondo ya delta. Kaka zetu walikuwa na shughuli zao Dar. Dada alikuwa amesafiri na baba miaka mingi, akashika usukani na kupata leseni. Mimi nilikuwa mshonaji, sijui lolote la baharini, lakini nilikubali kabla hata sijaulizwa.

Ilikuwa boti ya mbao, ya zamani, yenye chumba chini ya sitaha ambako abiria walijikinga na jua na mvua. Kuingia humo ilikuwa lazima ushuke ngazi, na vidato vyake vilikuwa vimelika katikati kama kipande cha sabuni. Asubuhi tuliyokwenda kuikagua, dada alitangulia kushuka. Nikasikia ubao unapasuka, nikaona ameshazama mguu mpaka gotini.

"Umeumia?"

"Sijaumia," akasema, huku anacheka. "Nitafutie mtaimbo."

Tuliing'oa ngazi hiyo siku hiyohiyo. Ilitoka vipande vipande, misumari imeliwa na kutu, mbao nyingine zikivunjika mkononi kama biskuti. Nyuma yake tulikuta maganda ya kamba, ndala ya mtoto na tasbihi iliyokatika uzi. Mikono ilituchubuka, na tulikuwa na furaha kama tuliookota mali.

Jioni tulimweleza mama. Yeye alikuwa na ombi moja tu.

"Wekeni vidato vipana. Mimi tangu baba yenu ainunue hiyo boti sijashuka chini. Ile ilikuwa ngazi ya banda la kuku."

Basi tukampelekea vipimo fundi seremala pale Kibiti, naye akatuchagulia mbao za mkongo. Kila siku nilikuwa nafunga cherehani mapema nikaangalie ilipofikia. Alipomaliza kuipiga msasa niliipapasa kama kitambaa kipya. Tuliipakia kwenye pikipiki ya matairi matatu, mimi nimekaa nyuma nimeikumbatia, vumbi lote langu. Pwani watu wakatuuliza kama tunahamia ghorofani.

Lakini ngazi ikakataa kuingia. Katika kumridhisha mama, tulisahau kupima upana wa mlango wa sitahani. Tuliilaza, tukaisimamisha, tukaigeuza miguu juu. Wapi. Abiria mmoja aliyekuwa akisubiri usafiri akashauri tukate sitaha kidogo.

"Sitaha haikatwi," dada akamjibu. Akachutama, akaitazama ngazi, kisha akaniita. "Mdogo wangu, hii imefungwa kwa nati, si misumari. Tuifungue. Tuingize mbao mojamoja, tuiunge humo humo ndani."

Ilibidi tufanye haraka. Maji yalikuwa yamejaa na boti imekaa sawa. Yakipwa ingelala ubavu kwenye tope, na kazi ingetushinda. Tulishuka kwa kamba. Humo ndani kulikuwa na joto la tanuri. Dada anashikilia mbao, mimi nakaza nati kwa spana, jasho linaniingia machoni, vidole nimevigonga hata sivisikii tena. Kidato cha mwisho kilipoingia mahali pake, dada alipanda mpaka juu, akashuka, akapanda tena, akarukaruka katikati ya kila ubao. Hakuna kilicholia.

Kesho yake tulimleta mama. Alisema bismillahi, akashika mkono wa ngazi, akashuka taratibu mpaka chini. Akakaa kwenye benchi, akatazama huku na huku.

"Kumbe kuna madirisha," akasema. "Miaka yote hiyo baba yenu hajaniambia kuna madirisha."

Hakutaka kupanda tena. Akasema atabaki humo humo mpaka boti iondoke, hivyo safari yetu ya kwanza kwenda Salale ikawa na abiria wa kwanza kabla hatujaita mtu.

Wengine wakafuata: akina mama na ndoo zao, wanafunzi, mzee mmoja na jogoo kwapani. Mimi nilisimama chini napokea watoto na mizigo, kila anayeshuka naangalia miguu yake, natamani kumwambia ile ngazi nimeikaza mimi. Mwishowe nilimwambia yule mzee. Akakanyaga kidato mara mbili kuhakikisha, akatikisa kichwa kukubali.

Tulipoingia katikati ya mikoko, mkondo ukatulia. Dada akaniita juu.

"Njoo ushike usukani."

"Mimi?"

"Wewe. Fuata maji meusi, ndiyo yenye kina, usiyasogelee yale yenye mapovu."

Nikaushika. Uzito wa boti nzima ukaja mikononi mwangu, na bila kukusudia nikaanza kucheka. Dada alisimama nyuma yangu, hakuusogelea usukani hata mara moja mpaka tulipoliona gati la Salale.