Uso wa Fundi Mawe

Habari ilimkuta mke wa fundi akianua nguo. Shemeji yake, mwalimu waliyempachika jina la Kamusi kwa kupenda maneno makubwa, aliingia uani bila hodi.

"Kaka hatunaye," alisema. "Wamemuua."

Fundi alikuwa mchonga mawe, mtu wa mizaha na moyo mweupe. Hakuwahi kulaza vifaa vyake kazini. Jioni ile alikatiza vichochoro, gunia begani, mtaimbo umechomoza. Katika mtaa ule wezi walikuwa wamevunja nyumba jana yake. Mtu akauona mtaimbo, akapiga yowe: "Mwizi huyo!"

"Jamani, mimi fundi! Niulizieni kwa..."

Tofali lilimpasua mdomo. Akaenda chini, wakamponda kichwa kwa mawe. "Mwongezeni, bado anapumua!" mmoja alihimiza, na wakamwongeza mpaka miguu ikaacha kutupatupa.

Katika chumba cha maiti, mke alitaka kumwosha uso kwa mikono yake mwenyewe. Ndilo pekee aliloomba. Daktari akasimama mlangoni, akamnong'oneza Kamusi neno moja la Kiingereza: *lapidation*.

"Kasemaje, shemeji?"

"Ni neno adimu hilo, shemeji. Hata Waingereza wenyewe hawalitumii sana. Asili yake Kilatini..."

"Sikukuuliza kabila lake! Nimeuliza maana."

"Kwa Kilatini, *lapis* ni jiwe. Ndipo wakapata *lapidare*, kupiga kwa mawe. Waingereza wakalichukua: kumpiga mtu mawe mpaka afe."

"Hilo mtaa mzima unalijua. Mimi nataka habari za uso."

Mwalimu akatafuta neno, akalikosa. Machozi yakamtoka. "Hakuna uso wa kuosha, shemeji."

"Basi nitaosha kilichobaki. Mungu kanipa mume mzima, sitamkataa akiwa vipande."

Daktari akampisha. Mama wa watu akafunua shuka. Kisha akaanza na sikio lililokuwa zima. Akatoa kokoto kwenye nywele moja moja, akisali kimoyomoyo, na maji ya beseni yakawa mekundu mara tatu.

Walimzika kesho yake alasiri. Jeneza lilikuwa limefungwa. Mafundi wenzake waliliteremsha kwa kamba, Kamusi akaongoza sala fupi, mke akatupia udongo. Kaburi likafukiwa, watu wakatawanyika. Bwana amlaze mahali pema.