Jiko Letu Lililokaa Bila Moto

Kabla ya habari ya jiko niseme kwanza habari ya tumbo, maana jiko lilizimwa na tumbo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia mahindi Kitale, akashusha mengine hapa Lodwar, akapeleka mengine Kakuma, na mara nyingine alifika mpaka Lokichoggio kwenye ndege za misaada. Miaka hiyo ya tisini dereva alikula anachokuta njiani, leo nyama ya kukaanga, kesho chai ya rangi na sigara tu. Tumbo likaanza kumchoma. Akanywa dawa za hospitali, akanywa mizizi, likaendelea kuchoma.

Siku moja akarudi kutoka Lokichoggio na maneno mapya. Huko alikutana na fundi wa ndege, mzungu mzee, aliyemwambia kwamba naye tumbo lilimtesa mpaka alipoacha kula kitu kilichopita motoni.

"Kuanzia kesho sili kitu kilichopikwa," akasema. "Na wewe usipike humu. Nikisikia harufu ya chapati nitashindwa."

"Mimi nitakula wapi?"

"Tutakula pamoja."

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa wengi na miguu ya kuwafuata ilikuwa yangu. Lakini najua mgonjwa habishiwi. Nikayatoa mafiga matatu, nikayaweka nyuma ya nyumba. Majivu nikayazoa. Jiko likabaki safi kama chumba ambacho mtu amehama.

Sasa, kupika ni kazi, lakini kutopika Lodwar ni kazi zaidi. Nyama ukiikausha inakaa. Unga unakaa. Sukumawiki inashuka kwenye lori asubuhi ikiwa binti, jioni ni bibi kizee. Mume wangu akanipigilia kabati la mbao lenye kuta mbili za waya, katikati tukajaza makaa, juu nikatandika gunia la kumwagia maji. Upepo ukipita hapo, ndani kunapoa. Karoti nilizifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya chungu. Kabichi ilikaa chini, nyanya juu. Siku ya kwanza sikufunga mlango vizuri, mbuzi wa jirani akaingia akala kabichi nzima na pembe ya gunia. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusifu mpango wetu.

Njugu na simsim nilizifuata mwenyewe Kakuma, nimepanda lori la mume wangu. Pale kwenye kambi ya wakimbizi nilinunua kwa mama mmoja Msudani, mrefu sana, aliyekaa kwenye debe na bado akanizidi. Alitaka kunipa zilizokaangwa. Nikamwambia nataka mbichi.

"Za kupanda?"

"Za kula."

Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. "Dada, kwani kuni zimeisha Lodwar?" Akacheka, akaniongeza konzi mbili za bure, nafikiri kwa huruma. Tende nilipata kwa duka la Msomali, tamu hizo, mpaka leo sijaonja nyingine kama hizo.

Kitu ambacho sikukifikiria ni jirani. Kila jioni alikuwa akija na kigae kuomba kaa la moto, na kaa moja lilichukua saa nzima, kwa sababu lilibeba habari za mtaa wote. Jiko lilipozimwa, akaacha kuja. Nilikuwa sina mtoto bado. Mume yuko barabarani, mimi nimekaa na karoti.

Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Kataboi, juu ya gari la samaki, na furushi lake na kibuyu begani. Sikumwona akifika. Nilitoka kumwagia gunia maji nikamkuta amekaa mbali chini ya mti, shuka amelivuta mpaka kichwani.

"Ejok, mama," nikamsalimu. "Mbona umekaa nje?"

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna."

"Nimeangalia nyumba hii tangu jua likiwa pale. Haina moshi."

Nikamweleza. Akasikiliza yote, habari ya mzungu na habari ya tumbo, halafu akaingia kumtazama mwanawe, aliyekuwa amerudi safari usiku na sasa amelala. Kweli alikuwa amekonda. Akarudi akaniambia kwa sauti ya chini, "Gari likirudi kesho, naondoka naye. Atakula kwangu, samaki wa moto na mchuzi. Wewe mlishe mbuzi."

Nilijua maana yake. Mwanamume akirudi kwa mama yake kwa ajili ya chakula, na mke hana mtoto, huyo mke hangojwi tena. Mume wangu naye aliamka, akasikia, akageukia ukuta. Mtoto wa kiume mbele ya mama yake hana mdomo.

Nikampa maziwa, maana mgeni ni mgeni hata akija kukubomolea nyumba. Akapiga funda moja akatema.

"Haya yalikaa kwenye nini?"

"Jerikani."

"Na haya ndiyo anakunywa?"

"Hayo tu. Hataki ya kuchemsha."

"Lete mafiga."

"Mama, amekataa moto humu."

"Nimesema napika? Nataka kusafisha kibuyu."

Nikayarudisha mafiga. Akawasha moto, akachoma kijiti, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka kikatoa moshi mdomoni kama mzee na kiko chake. Akatia maziwa mabichi, akafunga. Nikakaa naye. Tulipokuwa tukingoja alinitoa nje na kinu, tukaponda eng'ol, yale matunda ya mkoma kutoka mtoni, mpaka ikawa unga mtamu. "Hii nayo haijapikwa," akasema, bila kuniangalia.

Kesho yake maziwa yalikuwa yameganda. Mume wangu akanywa, akafumba macho. 

"Mama, haya ni yale ya zamani."

"Ni ya jana," akamjibu. "Kunywa."

Akamaliza bakuli, akaomba lingine. Gari la samaki likapiga honi barabarani. Mama mkwe akachukua furushi lake, akanisogezea kibuyu kwa mguu. "Moto wa kibuyu usizime," akaniambia. Akapanda peke yake.

Tumbo lilitulia baadaye. Kama ni kabichi, au ni maziwa, au ni sigara alizoacha, mimi sijui, na mama mkwe aliyejua amelala kaburini sasa. Ninachokumbuka ni jioni ile ya siku aliyoondoka. Nilikuwa nachoma kijiti, moshi umetoka nje kidogo tu, na jirani akasimama mlangoni na kigae chake mkononi.

"Kumbe mpo," akasema, akakaa.