Mguu wa Kushoto Ulikuwa Umelegea

Mimi ni mtu wa maneno. Nyumbani Hombolo dada zangu waliniita redio, na hata leo nikiingia sebuleni wanaulizana nani kaiwasha. Ila mbele ya mtu mzima redio hiyo ilikuwa inazimika yenyewe. Mama alitulea hivyo: mkubwa akisema, itika kwanza, kufikiri utafikiri baadaye, huko jikoni. Nikaenda na adabu hiyo mpaka kwenye chumba cha marubani, nilipokuwa rubani msaidizi.

Rubani mkuu niliyepangiwa naye mwaka ule alikuwa rika la baba yangu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye marahaba yake ilikuwa ndefu, ya kutoka moyoni. Alinifundisha mengi bila kunifokea. Nilimpenda yule mzee, sifichi.

Siku hiyo tuliondoka Dodoma saa tano asubuhi, ndege ya pangaboi mbili imejaa watumishi wa serikali wanaokwenda Dar. Mimi ndiye niliyekuwa nikirusha; yeye anasoma mitambo na kuongea na mnara wa kuongozea ndege. Magurudumu yamekunjwa, mabati ya nyumba za mjini bado yanahesabika, mara injini moja ikaanza kukohoa, kisha kimya. Pua ya ndege ikavutwa upande. Nikakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zangu zote mpaka ikanyooka. Injini iliyobaki ingetosha kabisa kuwarudisha watu chini salama, mradi tusiiguse.

Ndiyo maana tuna utaratibu: injini iliyokufa huzimwa kabisa, pangaboi yake isiburute ndege, lakini hakuna anayezima peke yake. Mmoja anashika wenzo, ule mkono wa kuzimia injini hiyo, anataja upande, anangoja mwenzake athibitishe. Mzee akashika wenzo. Akasema ni ya kulia, nithibitishe.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Sikuangalia. Jamani, sina pa kujificha. Mkubwa kauliza, nami nikaitika, kama vile nimetumwa chumvi dukani. Nyuma yetu kulikuwa na roho arobaini na kitu, na safu ya mbele kabisa mama mmoja ananyonyesha.

Kilichonishtua ni miguu yangu. Wa kulia ulikuwa unatetemeka kwa kusukuma. Wa kushoto ulikuwa umelegea, hauna kazi. Hilo tunafundishwa mwanzo kabisa: mguu usio na kazi ndio upande wa injini iliyokufa. Na mkono wa mzee ulikuwa umeshaanza kuvuta wenzo wa kulia.

"Hapana," nikasema. "Ya kulia ni nzima. Iliyokufa ni ya kushoto. Toa mkono."

Maishani mwangu sikuwahi kumwambia mtu mzima atoe mkono. Akautoa. Akatazama geji, akashusha pumzi, akahamia wenzo wa kushoto na kuniuliza upya, kwa sauti ileile. Safari hii niliangalia kwanza, halafu nikathibitisha. Tukazunguka taratibu upande wa Bahi, majaruba ya mpunga yanang'aa chini yetu, tukarudi kutua. Abiria walishuka wakilalamika kwamba watachelewa vikao. Nilitamani kuwakumbatia wote.

Mchana tulikaa ofisini, mzee akaandika ripoti kwa mkono wake. Hakujitetea hata kidogo. Aliandika kwamba alishika wenzo wa injini nzima, na kwamba mwenzake alimzuia. Akanipa nisome. Nikasoma mara mbili. Kwenye karatasi ile nilikuwa shujaa.

Nikamwambia amesahau kuandika ile "Ndiyo, mzee" yangu. Akasema hajasahau. Mimi bado kijana, yeye amebakiza miezi michache astaafu. Aibu hii aibebe yeye, mimi nitie sahihi tu. Machozi yakanilenga. Ilikuwa zawadi, na kwetu zawadi ya mkubwa haikataliwi. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru.

"Hapana, mzee," nikasema. "Iandike."

Akaivuta ripoti upande wake. Kisha akachukua kalamu, akaiandika.