Babu Mkwe Aliuliza Wanaochapwa Wako Wapi

Admin, nifichie jina, Bariadi ni padogo na wateja wangu wengi wamo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, fundi simu. Mchumba wangu ni fundi cherehani wa Lalago, na ng'ombe wa mahari nimeshapeleka kwao. Nampenda kweli.

Nina ugonjwa mmoja. Nakusanya midoli ya askari, ile midogo ya plastiki inayokuja na mitumba. Mtu mzima na ndevu zangu, nainama mnadani kuchambua midoli, akina mama wananicheka. Nyumbani nainyoosha bunduki kwa maji ya moto, napaka sare kwa rangi za kucha. Ninao wa kila aina, ila wanaonivuta ni wa enzi za Mjerumani: ofisa mwenye kofia pana na askari wake mweusi mwenye kiboko. Najua walichowafanyia wazee wetu, nimesoma sana, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyotaka kuwatengeneza zaidi. Sijui kwa nini wabaya ndio wananinogea.

Mwezi uliopita wakwe walikuja kuona ninapoishi. Askari wangu walikuwa wamepangwa kwenye meza ya tivii. Babu yake mchumba wangu, mzee sana, akasogea. "Ng'wanawane, mwanangu, huyu wa kofia ni nani?" Mwenzenu nikafurahi, maana hakuna anayeniulizaga. Nikamweleza vyeo, vifungo, hadi kiboko nilivyokisokota kwa uzi wa cherehani wa mjukuu wake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na wanaochapwa wako wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Hao sijatengeneza, babu. Hawana sare, hawapendezi."

Babu akachukua fimbo yake akatoka. Wali na kuku vilikuwa tayari, hakuna mkwe aliyegusa. Baadaye mchumba wangu akaniambia kwamba baba wa yule mzee alichapwa mbele ya watu kwa kuchelewa kupalilia pamba ya Mjerumani, na mgongo wake haukupona. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Wiki hii mjomba wao kanipigia simu: "Jumapili uje uvichome vitu hivyo mbele ya mzee. Hutaki, njoo uchukue ng'ombe wako." Mchumba wangu haniambii nichome wala niache. Analia tu.

Juzi nikatafuta njia ya kumtuliza mzee. Nikamkata askari mmoja bunduki, nikamlaza kifudifudi, nikampaka mgongo rangi nyekundu, nikamweka chini ya yule mwenye kiboko. Nilitaka babu aone nimemkumbuka baba yake. Nikarudi nyuma kutazama. Ndugu zangu, meza ilipendeza kuliko siku zote. Nikapiga picha. Nikasogeza taa. Nikaanza kutafuta wengine wa kulaza pembeni yake, mkono umeshaingia kwenye boksi, ndipo nikashtuka ni nani niliyemlaza pale.

Tangu hapo situlii. Dukani nafungua simu ya mteja nasahau ilikuwa na tatizo gani. Nakaa, nasimama, nawafunika kwa kitambaa, nawafunua tena. Kuchoma naweza, plastiki haichukui muda. Ila najua nitaanza upya, kwa siri.

Nishaurini jamani. Jumapili nichome ninyamaze, nioe? Au nimwambie huyu binti, kabla hajahamia kwangu, kwamba nilimlaza baba wa babu yake chini ya kiboko na nikafurahi?