Ikama kwenye Msumari

Siku yangu ya kwanza kwenye mtambo ule wa majaribio, nje kidogo ya Jeddah, sikugusa mashine. Msimamizi wa zamu, Mmisri asiyecheka, alinisimamisha kwenye ukingo wa shimo la taka akauliza, "Unaona nini?"

Nikasema naona uchafu.

"Basi rudi Riyadh. Hapa kuna kuni."

Riyadh nilikuwa nimehudumia boila la kiwanda cha kufulia nguo huko Malaz, hadi kafili, mwajiri aliyenidhamini kuingia nchini, aliponihamisha. Moto niliujua. Huku taka za majumbani zilichomwa tanurini, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha mashine ya kufua umeme. Mimi niliendesha kisukumio, bamba la chuma linalosukuma taka motoni. Adui yetu alikuwa unyevu. Ramadhani watu hutupa wali na maganda ya tikiti kwa wingi, taka zinakwama kwenye mdomo wa tanuri, na lazima mtu aingie na chepe.

Kufuli za usalama, za kufungia swichi mtu akiwa ndani, zilikuwa zikipotea ovyo, kwa hiyo nikaanzisha desturi: anayeingia atundike ikama yake, kibali chake cha ukaazi, kwenye msumari juu ya swichi ya kisukumio. Mgeni hasahau ikama. Msumari ukiwa mtupu, washa. Nilijisifu sana kwa hilo.

Adhuhuri moja ya Ramadhani, Mhandisi Mkuu aliingia na wageni kutoka Riyadh. Tanuri lilikuwa linapoa.

"Yalla, mzee, washa."

Nikatazama msumari. Mtupu. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi nilipokumbuka kwamba hata mfuko wangu ulikuwa mtupu. Asubuhi karani wa kafili alikusanya ikama zetu zote ili akazihuishe.

"Wafula yuko wapi?" nikauliza. Huyu alikuwa Mkenya, mtu wetu wa chepe.

"Msumari hauna kitu," Mhandisi Mkuu akasema. "Washa, au kesho uko uwanja wa ndege."

Nilikuwa na watoto wawili chuoni, na niliogopa, sifichi. Nikang'oa fyuzi, nikaitia mfukoni, nikapanda ngazi mbio hadi kwenye mdomo wa tanuri. Nikaita. Nikaita tena.

"Niko huku, mzee. Nipee dakika five hivi."

Nikakaa pale pale, nikalia. Mhandisi Mkuu aliwaambia wageni wasubiri. Habari ya uwanja wa ndege hakuitaja tena.

Wafula alipotoka nilimfokea kwa nini aliingia bila kutundika.

"Ningetundika nini, mzee?" akasema taratibu. "Si walibeba zote?"

Kesho yake nilinunua kufuli kwa hela yangu, na niliutumikia mtambo ule hadi mkataba ulipoisha.

Sasa nimestaafu, niko Morogoro na mashine yangu ya kukoboa mahindi. Wajukuu hunicheka. Kila ninapotaka kuiwasha huwaita kwa majina, mmoja mmoja, na siwashi mpaka wa mwisho aitike.